UZI: Damu iwe kwenye friji kabla ya habari mbaya. Namna mtaa unavyoweza kubeba hospitali za jeshi na familia za askari

Kisima_Hakikauki (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, swali hurudi: raia wa kawaida awafanyie nini askari wetu na familia zao, zaidi ya kusimama kimya wakati maua yanawekwa? Naanza na damu, kwa sababu hapo ndipo nia njema nyingi hupotea kwa kukosea wakati.

Desemba 7, 2017 kituo cha walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo (DRC), kilishambuliwa. Askari 15 walipoteza maisha na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Habari ya namna hiyo ikifika mtaani watu huinuka mara moja: "Twendeni tukachangie damu." Lakini damu inayotolewa leo haimfikii majeruhi wa leo. Inapimwa kundi, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha ndipo inaruhusiwa kutoka. Aliyekatika mshipa mkubwa wa paja huweza kufa ndani ya dakika chache. Damu itakayomwokoa ni ile iliyotolewa wiki mbili nyuma na mtu ambaye siku hiyo hakusikia habari yoyote mbaya.

Jambo hili lilijulikana mapema. Novemba 1917, kabla ya mapigano ya Cambrai kule Ufaransa, daktari wa jeshi la Marekani Oswald Robertson alikusanya damu ya kundi O, akaichanganya na dawa ya kuzuia isigande, akaihifadhi kwenye barafu karibu na uwanja wa vita. Hadi leo huo ndio msingi wa benki ya damu: akiba inatangulia jeraha.

Upande wa pili wa kosa ni huu. Chupa ya damu nzima yenye dawa ya CPDA-1 hukaa siku 35 kwenye nyuzi 2 hadi 6, basi. Mtaa ukileta watu 300 siku moja, isiyotumika yote inaisha muda siku moja. Na wale 300 hawawezi kurudi mapema: mwanaume anasubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Umejaza friji mwezi mmoja na kuufungia mtaa mzima mlango kwa robo mwaka.

Kwa hiyo msiite "siku ya kuchangia". Tengenezeni zamu. Mkiwa wanaume 140, gaweni makundi 14 ya watu kumi kumi, kila wiki kundi moja. Wiki ya 15 kundi la kwanza linakuwa limeruhusiwa tena. Wanawake wawe na daftari lao la wiki 18. Watu kumi kila wiki wana faida kubwa kuliko mia tatu mara moja kwa mwaka, hata kama picha yake haipendezi.

Na msibebe watu kuwapeleka getini kwa jeshi bila taarifa. Pitieni Mpango wa Taifa wa Damu Salama au kitengo cha damu cha hospitali husika. Hospitali ya jeshi ya Lugalo, Dar, inatibu raia pia, kwa hiyo msiulize chupa yenu imeingia kwa askari au kwa mama aliyejifungua. Friji ni moja.

Wenye ujuzi wa maabara, uuguzi, sheria na ukarabati wa majeruhi, karibuni mjazie.

---

Benchi_la_Maabara

Mkuu umeanza pazuri. Niongeze yanayoharibika uwanjani, maana chupa nyingi hupotea kwa mambo madogo kabisa.

Barua iende kituo cha damu wiki nne kabla. Ieleze eneo, idadi mnayotarajia, kama kuna umeme (mashine ya kuziba mirija na mizani inayotikisa chupa vinauhitaji), choo, kivuli, na chumba au pazia la faragha kwa mahojiano. Faragha ni ya lazima. Mtu akiulizwa mambo ya ndani mbele ya jirani yake atadanganya, na vipimo peke yake havimalizi hatari, kwani maambukizi ya siku chache zilizopita yanaweza yasionekane bado. Mtu asichangie kwa kusukumwa na bosi, mchungaji, imamu au mjumbe. Akitaka kujitoa, mwachieni njia ya kuondoka bila maswali.

Hesabu ya vitanda: damu yenyewe hutoka dakika 8 hadi 10. Ukiweka kusafisha mkono, kuchomoa, kubana na kubadilisha mtu, kitanda kimoja ni dakika 20. Vitanda vinne kwa saa sita ni watu 72. Ukiita 200 watakaa juani na njaa, na hao ndio huanguka. Waandikeni kwa saa: kumi na wawili saa tatu, kumi na wawili saa nne, na kuendelea.

Masharti ya msingi mnayajua: miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu (HB) usiopungua 12.5. Anayenyonyesha, mjamzito, mwenye homa, anayemaliza dozi ya malaria au antibiotiki, asubiri. Usiku wa kuamkia alale vizuri, asubuhi ale chakula cha kweli na anywe maji kama nusu lita kabla ya kukaa kitini. Chai kavu haitoshi.

Sasa chupa yenyewe. Ina mililita 63 za dawa zilizopimwa kwa ajili ya mililita 450 za damu. Damu ikiishia njiani, chini ya mililita 405, dawa inazidi uwiano na chupa hiyo haiwezi kutumika kama ya kawaida. Chanzo mara nyingi ni sindano iliyoingia vibaya au mchangiaji aliyekuja na kiu, mishipa imelala. Chupa isipotikiswa taratibu wakati inajaa, damu inagandamana ndani. Ikichukua zaidi ya dakika 15, haifai tena kutengenezea chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda.

Kosa jingine ni barafu. Nimeona mijadala humu ikisema "wekeni barafu nyingi". Hapana! Chupa ikigusana na barafu moja kwa moja, chembe nyekundu zinaganda na kupasuka, na damu iliyopasuka ikiingia kwa mgonjwa inamdhuru. Lazima kuwe na kizuizi katikati. Tena, damu inayokwenda kutenganishwa chembe sahani haipoozwi kabisa: inakaa nyuzi 20 hadi 24 na ifike maabara ndani ya saa chache. Ndiyo maana kituo kitawauliza umbali wa eneo lenu. Si urasimu.

Baada ya kuchomoa, mchangiaji abane pamba dakika tano MKONO UKIWA UMENYOOKA. Kukunja kiwiko ndiko kunakoleta lile vilio jeusi la damu chini ya ngozi, kwa sababu akinyoosha mkono tundu linafunguka tena. Akae dakika 10 hadi 15, anywe, ale. Siku hiyo asipande jukwaa la ujenzi, asiendeshe bodaboda mara moja, asibebe gunia kwa mkono ule. Akianza kutoka jasho jembamba na kupauka, alazwe hapo hapo alipo, miguu iinuliwe. Msimtembeze kumpeleka kivulini.

---

Binti_wa_Makorora

Ahsanteni sana. Swali: mwenye jeni moja ya selimundu, yaani si mgonjwa ila amerithi upande mmoja, anaruhusiwa? Na wanawake tunaochangia mara kwa mara tufanyeje, maana HB hushuka.

---

Benchi_la_Maabara

Dada, swali zuri. Kwa ujumla mwenye tabia ya selimundu asiyeugua anaweza kuchangia akitimiza masharti mengine, ila aseme. Damu yake mara nyingi huziba chujio la kuondolea chembe nyeupe pale linapotumika, na haipewi kichanga wala mgonjwa wa selimundu. Ukisema mapema, maabara inaipangia matumizi sahihi badala ya kuitupa.

Kuhusu wingi wa damu: kila chupa inaondoka na madini ya chuma kama miligramu 200 hadi 250. Mwanamke anayepata hedhi huchelewa kuyarudisha. Dagaa, maini, maharage, mchicha uliokamuliwa limau. Chai na kahawa zikae mbali na mlo angalau saa moja, kwani huzuia chuma kufyonzwa. HB ikiwa 12.4 kataliwa kwa amani, urudi mwezi ujao.

---

Tabibu_wa_Kikosi

Wakuu, kuna damu ambayo haihitaji friji: ile ambayo haijamwagika. Ukiuliza tiba ya kijeshi imebadilika wapi zaidi kwa miaka hii ishirini, nitataja mkanda wa kukaza (tourniquet), ule unaofungwa kwenye mkono au mguu na kukazwa kwa kijiti ili damu ikome.

Umoja wa Mataifa, kwenye misheni zake, unafuata kipimo cha 10-1-2: huduma ya kuzuia damu ndani ya dakika 10, huduma ya juu zaidi ndani ya saa moja, upasuaji wa kuokoa maisha ndani ya saa mbili. Zile dakika 10 si za daktari. Ni za askari aliye pembeni. Na uraiani ni za jirani. Wakazi wa Mbagala wanakumbuka Aprili 29, 2009, na wa Gongo la Mboto Februari 16, 2011, maghala ya silaha yalipolipuka. Raia na watu wa kambini walijeruhiwa siku moja. Kwa hiyo mtaa unaopakana na kambi ukijifunza kuzuia damu, unajisaidia wenyewe na unaipunguzia mzigo hospitali ya jeshi kwa wakati mmoja.

Mafunzo ya saa mbili yanatosha kama kila mtu atafanya kwa mikono. Kwanza kubana: viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wote wa mwili juu ya pale damu inapotoka. Shimo likiwa na kina (kinena, kwapa, msingi wa shingo) mkanda hauwezi kukaa hapo, kwa hiyo unashindilia shashi au kitambaa safi hadi ndani kabisa, kidole baada ya kidole, kisha unabana dakika 10 bila kufunua. Kufunua ili "kuangalia" ndiyo kosa namba moja. Kila ukifunua unaondoa donge lililoanza kuziba.

Mkono au mguu ukitoa damu ya kuruka au isiyokoma: mkanda wa kukaza, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo, usikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko. Zungusha kijiti mpaka damu ikome, si mpaka mgonjwa alalamike. Utauma sana, na maumivu si dalili kwamba umekosea. Usiokaza vya kutosha ni mbaya zaidi ya kutofunga kabisa, kwa sababu unazuia damu kurudi moyoni huku inayoingia ikiendelea, jeraha linazidi kumwaga. Ukiona bado inatoka, weka wa pili kando ya wa kwanza, upande wa moyo. Andika saa kwenye paji la uso au kwenye mkanda. Usiulegeze njiani. Ndani ya saa mbili kiungo kwa kawaida hubaki salama.

Mkanda wa suruali peke yake mara nyingi hushindwa, ni mgumu mno kujikaza. Waya na kamba nyembamba hukata nyama na neva. Kama hakuna kifaa, kitambaa kikunjwe kiwe na upana wa sentimita 4 au 5, na kijiti imara cha kuzungushia. Kanga iliyokunjwa vizuri inafaa, ila kijiti kisivunjike: penseli na kalamu havifai.

---

Mama_Zamu_ya_Jioni

Niwasemee wale wanaokaa kwenye benchi nje ya wodi. Mke au mama wa askari anatoka Songea, Kigoma au Pemba, mgonjwa wake kaletwa Dar. Amekuja na mkoba mmoja akidhani ni siku mbili. Inakuwa wiki sita.

Uji na matunda vinasaidia lakini cha kwanza ni pa kulala. Mtaa au kanisa au msikiti ukikodi vyumba viwili karibu na hospitali, kwa mkataba wa mwaka, hiyo ni huduma kamili. Kila chumba vitanda viwili, vyandarua, kufuli yake, jiko la gesi la pamoja, ndoo, na daftari la kuingia na kutoka. Chumba kitolewe kwa barua ya ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, si kwa kujuana, vinginevyo baada ya miezi mitatu kitakaliwa na mpwa wa mweka hazina. Wekeni ukomo, kwa mfano wiki nne, unaoweza kuongezwa kwa barua mpya.

Chakula kiwe na zamu na kiwe na mpishi mmoja anayejibu kwa siku hiyo. Mkileta watu watano siku moja, vyungu vitano vya wali vinamwagwa, kesho yake hakuna hata mmoja. Na mgonjwa asipewe chochote bila muuguzi kujua: anayesubiri upasuaji huachishwa kula, na kijiko kimoja cha uji cha huruma huahirisha operesheni.

Watoto waliobaki nyumbani ndio husahaulika zaidi. Mtu mmoja, mmoja tu, awe anajua shule yao, ada imefikia wapi, nani anawapokea jioni. Nyumba ya askari aliye misheni huonekana ina pesa, kwa hiyo wakopeshaji na ndugu hujaa. Mke asiulizwe "posho ya UN imeingia?" Hilo swali linaumiza ndoa nyingi.

Michango ya fedha: laini ya simu au akaunti yenye watia saini wawili, taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye kundi kila Jumapili, hata wiki ambayo hakuna kilichoingia.

---

Wakili_wa_Wajane

Naomba niongee kwa ukali kidogo kuhusu karatasi, kwani hapa ndipo familia zinapoteza haki huku wote wakilia pamoja.

Soko la Kariakoo linabeba jina la Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara damu na magonjwa mengine, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa ndugu zao. Kisingizio kimojawapo kilikuwa rekodi: jina limeandikwa vibaya, kijiji hakijulikani, mrithi hapatikani. Miaka zaidi ya mia imepita na tatizo la jina kuandikwa aina tatu kwenye karatasi tatu bado lipo kila ukikaa na faili la mirathi.

Kazi ya mtaa ni kusaidia nyumba za askari zikamilishe mambo haya askari akiwa hai na mzima. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, wa ndani na wa nje ya ndoa, bila aibu. Cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka isajiliwe ndani ya siku 30, na wengi hawajasajili hata baada ya miaka 20. Waende tu, kuchelewa si mwisho. Majina kwenye kitambulisho cha Taifa, cheti cha ndoa na fomu ya kazini ya kutaja wategemezi yalingane herufi kwa herufi. Pakiwa na tofauti, kiapo cha majina kifanywe sasa, si siku ya msiba. Na fomu ya wategemezi irudiwe kila mtoto anapozaliwa, ndoa inapovunjika, mzazi anapofariki.

Msiba ukitokea: usajili wa kifo kwa RITA (wakala wa serikali wa usajili) usivuke siku 30, ukivuka unageuka usajili wa kuchelewa wenye vielelezo zaidi. Kikao cha familia kiandike muhtasari, kila aliyehudhuria asaini, apendekezwe msimamizi. Ombi liende mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali, na baadaye hesabu ya namna alivyogawa. Wengi hawajui hatua hii. Wanadhani kuteuliwa ni kurithi. Msimamizi ni mtumishi wa warithi, na mjane anaweza kuomba mahakama imtengue akinyamaza na mali.

La mwisho ni zito lakini lisemwe. Baada ya shambulio la El Adde, Somalia, Januari 15, 2016, Kenya ililazimika kutumia vipimo vya vinasaba kutambua miili ya askari wake. Ikifikia hapo, sampuli inayohitajika ni ya mzazi au mtoto wa damu. Mke hana vinasaba vya mumewe. Familia nyingi humtanguliza mjane, siku zinapotea. Waandaeni baba na mama wa marehemu kusafiri, na mtu wa kuwashika mkono.

---

Bawabu_wa_Upanga

Wakili, nakubaliana na yote ila hapo kwa kikao cha familia. Kuna koo humwita mjane kwenye kikao siku ya tatu ya msiba, bado hajalala, anasainishwa. Mtaa uwe na mtu wa kukaa naye na kumsomea muhtasari kwa sauti kabla hajasaini. Asiposoma asisaini, kikao kingojee baada ya arobaini kama lazima.

---

Wakili_wa_Wajane

Umesema kweli, ndugu. Sheria haimlazimishi kusaini siku hiyo. Cha haraka ni usajili wa kifo tu.

---

Mswahili_wa_Maryland

Salamu kutoka huku. Niongezee upande wa ndugu zetu walio kwenye jeshi la Marekani, maana wapo. Baadhi waliingia kupitia mpango wa MAVNI ulioanza 2009, uliopokea watu wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo.

Wazo la Mama Zamu la vyumba karibu na hospitali lipo huku tangu 1990, pale Zachary Fisher na mkewe Elizabeth walipoanzisha nyumba za Fisher House, ya kwanza ikiwa Bethesda karibu na hospitali ya jeshi la majini. Kila familia hupata chumba chake, jiko na sebule ni vya pamoja, na familia hailipi kulala. Jamii ya jirani hupika kwa zamu. Ukipeleka chakula, andika viungo vyote juu ya chombo (karanga hasa, wengine huzimia kwa karanga), na piga simu kwanza kwa meneja.

Damu: aliyeishi Afrika Mashariki miaka mitano au zaidi, huku Marekani anasubiri miaka mitatu tangu alipoondoka eneo lenye malaria. Akishakaa miaka mitatu mfululizo, akienda likizo nyumbani anasubiri miezi mitatu tu baada ya kurudi. Wengi wetu tulikataliwa mara moja tukaamini ni milele. Rudini! Damu ya watu weusi ina aina ndogo ndogo ambazo ni adimu kwenye benki za huku, na wagonjwa wa selimundu wanaozihitaji ni wengi.

Bima ya maisha ya askari ni hadi dola 500,000 tangu Machi 2023, na inalipwa kwa jina lililo kwenye fomu ya bima, hata kama wosia unasema vingine. Askari aliyeachana na mke akasahau kubadili fomu, fedha zinakwenda kwa yule wa zamani. Akiandika mtoto mdogo, malipo hukwama hadi mahakama imteue mlezi wa mali.

Na tafadhali, vifaa vya kutuma nyumbani. Umeme wa huku ni volti 120 na mzunguko 60, Tanzania ni 230 na 50. Mashine ya oksijeni ikichomekwa moja kwa moja inaungua siku hiyo hiyo, na transfoma inabadili volti tu, haibadili mzunguko, kwa hiyo mota nyingine hufanya kazi vibaya hata ikiwepo. Dawa ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika, zenye jina halisi la dawa, na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania) kiwe mkononi kabla kontena halijapanda meli. Mnaotaka kutuma, ombeni orodha kwa mfamasia wa hospitali husika. Kinachotakiwa mara nyingi ni mashuka, magodoro yenye ngozi ya plastiki na betri.

---

Fundi_wa_Viungo

Nizungumzie mguu uliokatwa, kwa sababu jamii humpokea shujaa kwa ngoma halafu anashindwa kuingia chooni kwake.

Wiki za mwanzo kigutu kinafungwa bandeji ya kuvutika kwa mtindo wa nane, mbano mkubwa zaidi nchani na unaopungua kuelekea juu. Ukibana zaidi juu, ncha inavimba kama balbu na haitaingia kwenye kikombe cha mguu bandia. Bandeji irudiwe mara kadhaa kwa siku, kwani hulegea. MSIMWEKEE MTO CHINI YA GOTI au paja, hata akiomba. Misuli inajikunja, goti linagoma kunyooka, na mtu aliyekuwa atembee anabaki kwenye kiti. Badala yake alale kifudifudi dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku.

Kigutu hupungua mwaka wa kwanza. Kikombe kilichokaa sawa Machi kitapwaya Septemba, mtu huongeza soksi moja, mbili, tatu. Zikizidi, kikombe kibadilishwe. Kwa hiyo mkichangisha fedha ya mguu bandia, changisheni ya marekebisho ya mwaka mzima, nauli ikiwamo. Moshi, pale KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika, ujuzi tunao hapa.

Nyumbani: njia ya mteremko iwe sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Kizingiti cha sentimita 30 kinataka mita 3.6. Watu hujenga mita moja na kiti kinapinduka kinyumenyume. Mlango usipungue sentimita 80 zilizo wazi. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha mbao au chuma chenye tundu, kimo sentimita 45 hadi 48, na vyuma vya kushikia vilivyochimbiwa ukutani, visiwe vya kubandika. Sakafu ya mkwaruzo.

Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli. Asiambiwe anaota. Apelekwe kliniki, dawa zake zipo tofauti na za maumivu ya kawaida.

---

Kisima_Hakikauki

Nimejifunza mengi. Tahadhari moja kabla sijajibu waliouliza PM: jina la askari, kikosi chake, tarehe ya kusafiri au kurudi, na picha za ndani ya eneo la jeshi visiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp. Hata kwenye tangazo la mchango andikeni "familia moja ya mtaa wetu". Na fulana za kampeni zisiwe na mabaka, jeshi limeshapiga marufuku raia kuvaa sare zinazofanana na zake, vijana wenu watavuliwa barabarani.

Mlioniuliza zamu ianze lini: angalieni kalenda. Wanafunzi wa sekondari na vyuo ni wachangiaji wakubwa, kwa hiyo shule zikifungwa Juni na Desemba friji hupungua. Ramadhani pia hupungua. Kundi lenu la kwanza lilenge wiki ya pili baada ya shule kufungwa. Ramadhani ombeni kituo kije usiku: mtu afuturu, anywe maji ya kutosha, asubiri saa moja na nusu, ndipo achangie baada ya tarawehe. Wauguzi wa zamu hiyo wanahitaji usafiri wa kurudi, upangeni mapema na uandikwe kwenye ile barua ya wiki nne kabla.